Habu ya Zamani: Namna ya Kuamua Kama Inafaa Kuokolewa Kabla Hujakata Spoku

Nyuma ya karakana nyingi za baiskeli mjini Moshi huwa kuna rundo la magurudumu yaliyokufa: rimu zilizopinda namba nane, spoku zilizokatika, friwili (sproketi za nyuma zinazozunguka bure usipokanyaga) zilizoganda kwa kutu. Katikati ya machache kati ya hayo kuna habu, yaani kitovu cha gurudumu, iliyo bora kuliko nyingi zinazouzwa zikiwa mpya, na katikati ya mengi zaidi kuna habu isiyostahili hata muda wa kuifungua. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzitofautisha, kwa mpangilio ambao kila hatua inakupa nafasi ya kuachia hapo kabla hujatumia fedha zaidi. Msimamo wangu ni kwamba jina lililochongwa kwenye habu si hoja ya kutosha. Kinachoamua ni hali ya vikombe vya ndani ambamo gololi huzunguka, upatikanaji wa vipuri vyake, na kuwepo kwa rimu yenye idadi ileile ya matundu.

Anza na gurudumu unalotaka kulijenga

Kabla ya kushika spana, jua habu itaingia kwenye baiskeli gani, kwa sababu vipimo vitatu vinaweza kumaliza suala bila hata kuifungua. Cha kwanza ni umbali kati ya nyuso za nje za nati mbili zinazokaza koni (vipande vya kwenye ekseli vinavyobana gololi ndani ya vikombe), yaani zile nyuso zinazogusa uma au fremu. Habu nyingi za mbele za baiskeli za gia zina milimita 100. Za nyuma hutofautiana: milimita 120 kwa baiskeli za zamani zenye sproketi tano, 126 kwa zenye sita au saba, 130 kwa baiskeli za barabarani zilizofuata, na 135 kwa baiskeli za milimani. Fremu ya chuma huvumilia kupanuliwa kwa milimita chache, kwa mfano kutoka 126 hadi 130. Fremu ya alumini haipanuliwi kamwe, kwa kuwa ikilazimishwa itakuja kupasuka, na haitachagua mahali pa kupasukia.

Kipimo cha pili ni idadi ya matundu ya spoku. Idadi zilizoenea zaidi ni 36 na 32. Baiskeli za Kiingereza za zamani, pamoja na zile zilizotengenezwa India kwa kufuata mtindo huo, zilikuwa na desturi ya matundu 32 mbele na 40 nyuma, ilhali magurudumu mepesi ya mashindano mara nyingi huwa na 28 au pungufu. Ukikutana na habu nzuri ya matundu 40 au 28, tafuta rimu yake kwanza, uishike mkononi, ndipo urudi kwenye habu. Wapo mafundi wenye masanduku yaliyojaa habu za aina hii, zimeng'arishwa vizuri na hazina pa kwenda.

Cha tatu ni namna sproketi inavyoshikwa. Habu ya friwili ina nyuzi upande wa kulia, na kipimo kilichoenea ni inchi 1.37 kwa nyuzi 24 katika kila inchi. Habu za Kifaransa za zamani zina nyuzi zake za milimita, ambazo hazilingani na friwili ya kawaida hata kama inaonekana kuingia. Habu ya kaseti, kwa upande wake, ina kiwiliwili chenye mifereji ambamo sproketi huchomekwa, na mashine ya kuzungukia bure imo ndani ya kiwiliwili hicho. Kwa baiskeli ya sproketi nyingi, nikiwa na uhuru wa kuchagua, nitachukua ya kaseti. Katika habu ya friwili, gololi za upande wa kulia hukaa ndani sana, nyuma ya friwili, hivyo kipande kirefu cha ekseli hubaki bila kuegemezwa na hupinda au kukatika mzigo unapokuwa mkubwa. Kwenye baiskeli ya sproketi moja kipande hicho ni kifupi, na friwili haina tatizo lolote.

Fikiria pia njia. Baiskeli inayokwenda kiwanda cha sukari cha TPC kwenye tambarare ya miwa, na ile inayoshuka kutoka Kibosho au Uru ikiwa na mkungu wa ndizi nyuma, hazihitaji habu moja. Kwa ile ya kwanza adui ni vumbi. Kwa ile ya pili adui ni uzito pamoja na breki.

Kagua gurudumu likiwa bado zima

Ukaguzi wa kwanza hauhitaji kufungua kitu. Chukua sumaku ndogo, hata ile ya spika iliyokufa, uiguse kwenye mwili wa habu. Ikinasa, mwili ni wa chuma. Isiponasa, karibu kila mara ni alumini. Habu ya chuma si mbaya kwa sababu ni ya chuma tu, lakini nyingi zilitengenezwa kwa bati lililokandamizwa, nazo huwa na vikombe duni. Kisha shika ncha za ekseli kwa vidole vya mikono miwili, gurudumu likiwa limetoka kwenye baiskeli, uizungushe polepole. Mkwaruzo laini unaolingana mzunguko mzima mara nyingi ni uchafu tu. Mkwamo unaorudi mahali palepale unaweza kuwa ekseli iliyopinda, na mgongano wenye hatua hatua ni dalili ya vishimo kwenye koni au kwenye vikombe.

Angalia ukingo wa habu wenye matundu ya spoku, kwa mwanga mzuri na baada ya kuufuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Unatafuta mstari mwembamba unaotoka kwenye tundu moja kwenda lingine, au kutoka kwenye tundu kwenda ukingoni. Ukiuona ufa kama huo kwenye habu ya alumini, ukaguzi umekwisha, kwa kuwa hauchomelewi kwa namna ya kuaminika, hauzibwi, na gurudumu litakalosukwa kwa habu hiyo halitakuwa salama. Kuwa mkali zaidi kwa habu ambazo spoku zake zilitoka moja kwa moja kwenda kwenye rimu bila kupishana, maana mpangilio huo huvuta ukingo kuelekea nje, na habu nyingi za kawaida hazikuundwa kwa mvutano wa namna hiyo. Matundu yaliyorefuka kidogo kwa kusuguliwa na spoku ni jambo la kawaida. Yaliyorefuka kiasi cha kuonekana kama yai ni sababu ya kuacha.

Hapa ndipo jina linapopata nafasi yake, kwa kuwa linakuambia kama vipuri vinaweza kupatikana. Habu ya Shimano, kampuni iliyoanzishwa Sakai nchini Japani mwaka 1921, hata ikiwa ya daraja la kati, kwa kawaida ina vikombe vigumu vilivyosagwa vizuri, na koni zake ni rahisi kupata kuliko za kampuni nyingi. Habu ya Campagnolo ya zamani ni kazi nzuri sana ya Kiitalia, lakini koni yake haina mbadala wa karibu, kwa hiyo ikiwa imechakaa, uzuri wake hautakufikisha sokoni.

Friwili itoke kabla spoku hazijaguswa

Hatua hii ndiyo inayoharibiwa zaidi. Friwili hukazwa na kila mkanyago wa pedali, na baada ya miaka kadhaa huwa imekaza kwa nguvu kubwa kuliko ambayo mkono unaweza kuilegeza. Kinachokupa uwezo wa kuifungua ni rimu, kwa sababu upana wake unakuwa mkono mrefu wa kukusaidia kugeuza. Ukikata spoku kwanza, unabaki na habu ndogo ya mviringo isiyoshikika, na ukiibana ukingo kwenye jiliwa utaupinda au kuuvunja.

Utaratibu ni huu. Toa nati ya nje ya upande wa kulia, safisha mdomo wa friwili, kisha tazama kama ina mifereji mingi midogo ya ndani au pengo mbili au nne. Chomeka kifungulio kinacholingana nayo, ukirudishie nati ya ekseli juu yake bila kuikaza sana ili kisiruke. Funga kifungulio kwenye jiliwa, gurudumu likiwa limelala juu, kisha shika rimu kwa mikono miwili kama usukani na uigeuze kinyume cha mwendo wa saa. Mara tu friwili inapoachia, simama, legeza nati ile, ndipo uendelee, la sivyo utakuwa unaivuta ekseli. Kama imegoma, weka mafuta mepesi yanayopenya na uiache hadi kesho yake.

Wako wanaofungua friwili ya pengo kwa patasi na nyundo. Njia hiyo huweza kufaulu, ila huvunja pengo zenyewe, na ikishindikana mara ya kwanza hakuna ya pili. Ikiwa friwili haihitajiki tena, ni afadhali kuitoa mhanga kwa utaratibu: fungua sahani ya juu, ambayo nyuzi zake kwa kawaida hugeuka kinyume na za kawaida, toa sproketi na gololi zake ndogo, kisha bana kiini kilichobaki kwenye jiliwa na ugeuze rimu. Friwili itakufa na habu itapona.

Kwa kaseti, fungua pete ya kukazia kwa kifungulio chake huku umeizuia sproketi kwa mnyororo. Kwa habu ya breki ya diski, toa diski mapema na ukague nyuzi za skrubu zake sita, kwa sababu nyuzi zilizolika kwenye alumini ni kasoro kubwa.

Fungua na usome njia ya gololi

Sasa fungua nati ya kukazia koni upande mmoja tu, ukitumia spana nyembamba za koni, ambazo mara nyingi ni za 13 mpaka 17. Spana ya kawaida ni nene mno, lakini fundi mwenye mashine ya kunolea anaweza kuipunguza. Toa koni moja, chomoa ekseli kwa upande mwingine, na upokee gololi kwenye sinia. Habu za kawaida za koni huwa na gololi za inchi 1/4 nyuma, tisa kila upande, na za inchi 3/16 mbele, kumi kila upande. Ukikuta pungufu, mtu alishapita hapo kabla yako.

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa au dizeli. Petroli haifai, kwa sababu mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo, na karakana nyingi zina mtu anayechomelea jirani. Kwa habu iliyotoka njia za Kahe au Arusha Chini, utaona grisi iliyogeuka uji mweusi wenye mchanga laini, na grisi ya namna hiyo hula chuma kama msasa. Usiihukumu habu kabla ya kuimaliza kuiosha, kwa kuwa uchafu huficha mazuri na mabaya kwa pamoja.

Baada ya hapo tazama koni. Karibu kila mara koni huwa imeumia kuliko kikombe, na sababu yake inaeleweka: koni haizunguki, kwa hiyo uzito wote hukandamiza upande wake mmoja miaka yote, ilhali kikombe huzunguka pamoja na gurudumu na kugawana mzigo sehemu zote. Koni yenye vishimo hutupwa na nyingine hununuliwa. Gololi hubadilishwa zote bila mjadala, kwani ni rahisi, na gololi mpya zikichanganywa na za zamani hutofautiana kidogo kwa ukubwa, na zile kubwa hubeba mzigo peke yake.

Kikombe ndicho chenye neno la mwisho, kwa sababu katika habu nyingi hakitoki, au kutoka kwake ni kazi isiyolipa. Chukua kalamu ya wino ya kawaida, uipitishe ncha yake polepole kwenye njia ya gololi, mzunguko mzima, ukisikiliza kwa vidole kuliko macho. Mstari unaong'aa lakini unaoteleza bila kukwama ni uchakavu mzuri, na kikombe cha namna hiyo kitadumu miaka mingi. Ncha ikidondoka kwenye kishimo, hata kimoja kilicho dhahiri, habu hiyo haifai kwa gurudumu jipya. Unaweza kuijaza grisi na kuiacha imalizikie katika gurudumu lilelile ilimo, lakini kuisukia spoku mpya 36 ni kuvalisha kanzu gogo. Kutu ya juu juu inayofutika kwa kitambaa si vishimo. Iondoe, kisha rudia jaribio la kalamu.

Mwisho, viringisha ekseli juu ya kipande cha kioo. Ikirukaruka, imepinda na inahitaji kubadilishwa. Ekseli za nyuma za habu za kisasa mara nyingi ni milimita 10 na za mbele ni 9, lakini baiskeli za Kiingereza zilitumia inchi 3/8 na 5/16. Koni mpya iingie kwenye ekseli kwa vidole vitupu. Ikihitaji spana kuanza, nyuzi hazilingani.

Habu ambazo si za koni

Habu yenye beringi za kuziba huhukumiwa kwa namna nyepesi zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo inayofaa kuokolewa kuliko zote katika mazingira yetu. Kikombe, gololi na njia yake vyote vimo ndani ya beringi, kwa hiyo uchakavu wote hubadilishwa mara moja. Soma namba iliyo ubavuni. Beringi ya 6001, kwa mfano, ina milimita 12 ndani, 28 nje na unene wa 8, na beringi ya 608 ina 8, 22 na 7. Namba hizi ni za viwango vya kimataifa, hivyo hununuliwa katika maduka ya beringi za mota na mashine, na kama Moshi haipo, Arusha ni mwendo wa kilomita 80 hivi. La kukagua ni kama kiti cha beringi ndani ya habu hakijalegea. Beringi mpya ikiingia kwa kidole tu na kuchezacheza, mwili wa habu umekwisha.

Habu ya gia za ndani ya Sturmey-Archer, hasa ile ya gia tatu iitwayo AW, isitupwe kwa haraka. Gia yake ya chini hupunguza mwendo hadi robo tatu, ya kati ni moja kwa moja, na ya juu huongeza theluthi moja. Nyingi zina mwaka wa kutengenezwa uliochongwa kwenye mwili. Tatizo lao la kawaida ni mafuta ya zamani yaliyoganda, ambayo huzifanya meno madogo ya ndani yasirudi mahali pake. Tia mafuta mepesi kwenye tundu lake, izungushe, uiache ilale, kisha ijaribu tena kabla ya kuifungua.

Habu ya breki ya kukanyaga nyuma ni ngumu na hudumu kwenye tambarare. Kwenye miteremko ya mlimani hupata moto mpaka grisi ikayeyuka na kutoka. Huko California miaka ya 1970 waendeshaji walioshuka milima kwa habu za aina hii walilazimika kuzijaza grisi upya baada ya mteremko. Kwa mtu wa Old Moshi, basi, naishauri tu ikiwa baiskeli ina breki nyingine ya mbele.

Piga hesabu kabla ya kutoa spoku

Chora safu mbili kwenye karatasi. Katika ya kwanza andika bei ya rimu, spoku na vinati vyake (nati ndogo zinazozikaza kwenye rimu), koni, gololi au beringi, ekseli kama imepinda, pamoja na ujira wa kusuka. Katika ya pili andika bei ya gurudumu jipya kamili. Habu ya kawaida karibu kila mara hushindwa hesabu hii, hata kama ni nzima, kwa sababu spoku na ujira havipungui kwa kuwa habu ilipatikana bure. Habu nzuri hushinda kwa sababu gurudumu jipya la bei hiyo huja na habu ya vikombe laini ambayo utaibadilisha mapema. Linganisha, basi, na gurudumu jipya lenye habu ya ubora ule ule, wala si lile la bei rahisi kuliko yote dukani.

Iko njia ya tatu ambayo wengi huisahau. Ikiwa rimu pekee ndiyo mbovu na spoku ni nzima, tafuta rimu yenye kipenyo cha ndani kile kile au kinachopishana kwa milimita moja au mbili tu. Legeza spoku zote, funga rimu mpya ubavuni mwa ile ya zamani kwa utepe, matundu ya valvu yakilingana, kisha hamisha spoku moja moja. Habu haitoki kabisa, na mpangilio haupotei.

Kama ni lazima spoku zitoke, zilegeze kwa zamu, nusu mzunguko kila kinati, gurudumu zima, ndipo uzifungue au kuzikata. Spoku iliyokaza ikikatwa huruka kwa kasi, vaa miwani.

Kusuka upya

Kabla spoku haijatoka, piga picha ya ukingo kwa simu. Kila spoku iliacha alama ya mkandamizo kwenye alumini, na spoku mpya zinapaswa kulala katika alama zile zile, kwa mwelekeo ule ule. Ukizilaza upande wa pili utachonga alama mpya zinazopishana na za zamani, na ukingo utadhoofika hapo hapo ulipochoka.

Urefu wa spoku unaweza kukokotolewa. Chukua nusu ya kipenyo cha rimu mahali vichwa vya vinati vinapokaa, nusu ya kipenyo cha duara la matundu ya habu, na umbali kutoka katikati ya habu hadi kwenye ukingo. Zidisha kila kimoja kwa chenyewe, ujumlishe. Kisha toa mara mbili ya zao la vile viwili vya kwanza likizidishwa na kosaini ya pembe, ambayo kwa matundu 36 na spoku zinazopishana mara tatu ni digrii 60. Tafuta kipeuo cha pili, utoe nusu ya kipenyo cha tundu. Kwa mfano, nusu ya rimu ikiwa 301, nusu ya duara la habu 20, umbali 35 na tundu la milimita 2.5, jibu ni takriban milimita 292. Kwa habu ya nyuma, fanya hesabu mara mbili, kwa kuwa upande wa sproketi hukaa karibu zaidi na katikati.

Ukishasuka, paka vikombe grisi mpya, panga gololi, rudisha ekseli na ukaze koni mpaka mchezo uishe bila kuzuia mzunguko. Ikiwa ekseli ni ya wazi yenye mkono wa kufungia haraka, acha mchezo mdogo sana, kwa sababu mkono huo ukifungwa huikandamiza ekseli na mchezo huo humalizika. Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, kagua spoku na koni tena, kwa maana spoku mpya hukaa sawa zaidi zinapobeba uzito.

Habu zilizoshindwa zisirudi kwenye rundo zikiwa nzima. Zitoe nati, washa, koni nzuri na ekseli iliyonyooka, uvipange kwa vipimo kwenye makopo. Miili ya alumini itenganishwe na ya chuma kwa sumaku ile ile kabla ya kumpelekea mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa sababu bei za kilo zake si moja.